Mzee Subiri na Picha ya Jumatatu

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na nane na miezi minne, fundi wetu wa chumba cha giza anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mnaoshika karatasi hii mmeshaona kwamba ukurasa wa mbele, pale inapokaa picha ya mstaafu, kuna fremu tupu. Mchapaji hana kosa. Tulipekua makabati, maboksi na kompyuta zote za studio kwa siku nne, hatukupata picha yake hata moja. Mtu aliyesafisha picha za nusu ya mji huu, kumbe hakuna aliyewahi kumwambia na yeye akae.

Jina lake la kwenye barua limo katika faili la ofisi, na huko likae. Hapa kazini anaitwa Mzee Subiri, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Mteja akibisha mlango wa chumba cha giza kuulizia picha zake, jibu lilikuwa moja: subiri. Akibisha tena: subiri, hazijakauka. Subira huvuta heri, lakini ya kwake ilivuta foleni mpaka barabarani. Siku moja aliyebisha alikuwa mkubwa mmoja wa ofisi kubwa, anataka picha za pasipoti kwa safari ya jioni ile ile. Aliambiwa subiri kama wengine, akasubiri dakika arobaini amesimama, na walinzi wawili pembeni wakitazama viatu vyao. Mzee alipotoka alimpa picha zake, akamwonya azishike pembeni tu kwa sababu bado mbichi. Mkubwa yule alirudi mwaka uliofuata na familia nzima, akaomba asafishiwe na huyo huyo.

Aliajiriwa na marehemu mwenye studio, baba wa Meneja wetu wa sasa, akiwa na miaka ishirini na miwili. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha trei na kubeba ndoo za maji. Mwaka wa pili fundi mkuu wa wakati ule alihama, na marehemu akamkabidhi chumba chote: mashine ya kukuzia picha, trei tatu, kamba ya kuanikia na taa nyekundu. Alimwambia ashikilie kwa wiki mbili mpaka apatikane mtu mzima. Huyo mtu mzima bado anatafutwa.

Kwa waliokulia na simu mkononi, tufafanue kidogo. Zamani picha ilikaa kwenye mkanda, na mkanda ukiona mwanga kabla ya kuingia kwenye dawa, umekwisha. Ndiyo maana chumba kile kilikuwa na sheria moja tu: bisha, kisha subiri. Aliyeivunja ni marehemu mwenyewe. Alifungua mlango akitafuta miwani iliyokuwa kichwani kwake, na mikanda mitatu kati ya mitano ya harusi moja ikaungua. Alijiandikia barua ya onyo, akaitia sahihi, akaibandika ukutani, nayo ilikaa pale miaka mingi. Maharusi waliitwa warudi na nguo zao wapigwe upya. Bwana harusi alikuwa ameshanyoa ndevu, kwa hiyo hadi leo albamu yao inaonyesha bibi harusi mmoja aliyefunga ndoa na wanaume wawili.

Chumba kile sasa ni stoo. Kina karatasi za printa, mafagio, ndoo na maboksi ya karatasi za chooni. Lakini hakuna mtu wa studio hii anayeufungua mlango ule bila kubisha. Dada wa usafi anabisha. Meneja anabisha. Mkaguzi wa vifaa vya kuzimia moto alipokuja mwaka juzi alituona tukibisha, akabisha na yeye, akasubiri.

Sifa za kazi yake zingejaza kijitabu. Mwaka maji yalipoingia katika shule ya jirani, walimletea negativu, ile mikanda iliyokwisha kusafishwa, za miaka ishirini zikiwa zimegandana. Alizitenganisha ndani ya maji moja baada ya nyingine kwa miezi miwili, akaziokoa zote isipokuwa kumi na moja. Ukimsifu kwa zile nyingine, yeye anakutajia hizo kumi na moja.

Maadui zake walikuwa wawili. Wa kwanza ni chenga, zile punje ndogo zinazotapakaa juu ya picha dawa ikiwa ya moto mno au mkanda ukiwa ule wa kupigia kwenye mwanga hafifu. Wa pili ni vumbi. Kwa chenga alikuwa na kipimajoto. Kwa vumbi alikuwa na brashi. Vumbi likikaa juu ya negativu, kwenye karatasi hutoka doa jeupe, na yeye aliketi na brashi ya nywele tatu nne na wino mweusi, akaziba doa moja moja mpaka jicho lisilione. Brashi hiyo imo kwenye mfuko wa shati lake mpaka leo.

Tufike kwenye picha ya Jumatatu. Dawa zilichanganywa upya kila Jumatatu, na dawa mpya, kwa maneno yake, haiaminiki mpaka imeonyesha ngozi ya mtu. Kwa hiyo kila Jumatatu saa mbili asubuhi aliweka stuli chini ya dirisha la kaskazini, akatafuta mtu wa kukaa, akapiga picha moja, akaisafisha, akaipima kwa macho. Mwanzoni alimkamata yeyote aliye karibu. Kisha akaanza kukaa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, aliyekuwa akipita kwenda kufungua kibanda chake. Alikaa Jumatatu moja, akakaa ya pili. Kufikia mwezi wa nne dawa zilikuwa zinajaribiwa Jumatatu na Alhamisi, na marehemu akauliza kulikoni, mbona siku hizi dawa zinaharibika upesi namna hii. Kabla mwaka haujaisha walikuwa mume na mke.

Ndoa haikubadilisha ratiba. Kwa miaka ishirini na saba mama yule alifika na mikasi ndani ya mkoba, akakaa, akashika kifuani kadi ya kijivu ya kupimia mwanga, akamtania mumewe kwamba hata mwizi sugu hapigwi picha mara nyingi hivi, akaenda zake kazini. Binti yao alipozaliwa alikosa Jumatatu mbili tu. Negativu zote zipo, ndani ya maboksi ya viatu, kila moja na tarehe yake. Ni elfu moja mia tatu na kitu.

Miaka tisa iliyopita studio ilinunua kamera za dijitali, na pamoja nazo akaletwa mwandishi wa wasifu huu. Mzee hakuuliza jina la mgeni. Alimwita Kompyuta, na Kompyuta akaitika. Siku ya kwanza tu mwandishi aliandika kanuni tano za kazi mpya, akazibandika ukutani pale pale ilipokuwa barua ya onyo ya marehemu. Kanuni ya nne ilisema kadi ya kamera ifutwe kila jioni. Alijiona mtu wa maana sana.

Jumatatu iliyofuata Mzee alikuwa anamwaga dawa za mwisho. Hapakuwa na kitu cha kujaribu. Mkewe alifika saa mbili hata hivyo, akakaa kwenye stuli kwa mazoea, na mwandishi akaona hiyo ndiyo nafasi ya kupima kamera mpya chini ya taa mpya. Mama aliagiza atolewe vizuri, maana mzee wake humtoa mweusi kama sufuria. Mwandishi akapiga. Akaipeleka picha kwenye kompyuta mbele ya mama mwenyewe, akalainisha ngozi kwa kitufe kimoja, akaona doa dogo jeusi chini ya shavu la kushoto, akalifuta akijua ni vumbi la ndani ya kamera, akahifadhi juu ya picha ya awali. Kazi ya dakika mbili. Mama alicheka sana, akasema kumbe usichana unarudishwa kwa kubonyeza. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na ndoo mkononi. Alikitazama kioo cha kompyuta kwa muda, kisha akaenda kumwaga dawa.

Jioni kadi ikafutwa, kama kanuni ya nne ilivyotaka. Jumatatu ya pili mama hakuja, alikuwa na homa. Wiki ya tano tulimzika.

Mzee alirudi kazini baada ya siku kumi. Alipewa meza ya kukata picha za pasipoti, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya kutwa nzima bila kusema neno, na ndivyo alivyoifanya. Chakula cha mchana alikula peke yake ndani ya stoo, kati ya mafagio, na taa nyekundu imewashwa. Binti yake ameolewa mbali na humpigia simu Jumapili. Siku sita zilizobaki alikuwa na sisi, na sisi tulikuwa tunamrushia shikamoo huku tunapita. Wala haikuwa kwa ubaya. Tulikuwa na kazi.

Na kila Jumatatu saa mbili aliitoa stuli, akaiweka chini ya dirisha la kaskazini, akasimama mbele yake dakika kama tano. Kisha aliirudisha nyuma ya mlango. Hakupiga picha. Tulimwona sote. Tulimwona kwa miaka minane, hakuna aliyemuuliza, na tulijidanganya kwamba ile ni heshima. Ilikuwa woga.

Mwaka jana upepo ukageuka. Wateja, hasa wale wa miaka ishirini na kitu, wakaanza kuomba picha zao zitoke kama za zamani, kama za kwenye albamu ya bibi. Meneja akanunua programu inayoigiza picha za mkanda. Unaipa picha safi ya dijitali, nayo inaipaka rangi za mkanda wa zamani, inafifisha weusi, inamwagia chenga, na ukiiruhusu inaweka hata mikwaruzo na mwanga uliovuja. Mzee aliitwa aje atazame. Alipoziona chenga zikimiminika juu ya uso wa bibi harusi, akavua miwani. Akauliza kama ni kweli, yeye amezifukuza maisha yake yote na leo sisi tunazikaribisha sebuleni. Halafu akacheka. Dada wa mapokezi alikuja mbio kuangalia nani anacheka.

Lakini hakuipenda kazi ya programu ile. Mitindo ya rangi iliyokuja nayo ilikuwa zaidi ya sitini, na alitaka kuiona yote. Mmoja uliifanya ngozi ya mteja kuwa majivu, wa pili ukaifanya tofali. Alisema waliotengeneza mitindo hii ni mafundi, hilo halina ubishi, ila hawajawahi kusafisha uso wa mtu wa kwetu. Meneja akamwambia basi tutengenezee wa kwetu. Mzee aliingia stoo, akatoka na maboksi ya viatu mikononi mpaka kidevuni.

Mwandishi ndiye aliyepewa kukaa naye. Wiki saba walikaa bega kwa bega, mmoja akiskani negativu za Jumatatu na kusogeza vidhibiti vya programu kushoto na kulia, mwingine akiamuru kwa lugha ya chumba cha giza. Ongeza nusu dakika. Dawa imepoa, ipashe. Hapo umesuuza mno. Ilibidi mwandishi ajifunze kwamba nusu dakika ni weusi kidogo zaidi, na dawa iliyopoa ni rangi iliyokosa wekundu. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka minane kwa wawili hawa kuongea zaidi ya salamu.

Na sasa mwandishi anaomba ruhusa aache kujiita mwandishi. Yanayofuata ni yangu mimi.

Ilikuwa negativu ya kumi au ya kumi na mbili. Niliona doa dogo jeusi chini ya shavu la kushoto la mama, nikalifuta. Iliyofuata, doa. Nikalifuta, nikasema kwa sauti kwamba hii skana ina vumbi. Ya tatu nilipokuwa napeleka mshale pale pale, Mzee alinishika kiwiko.

"Vumbi la mkanda hutoka jeupe, mwanangu," alisema. "Hilo ni jeusi. Hiyo ni pasi ya mkaa, ilimuunguza akiwa darasa la tano."

Hakuwahi kuniita mwanangu. Nilibaki nimelishika lile neno, na nyuma yake likaja lingine polepole: kamera, taa mpya, dakika mbili, kanuni ya nne. Nikaifungua ile picha yangu ya miaka minane iliyopita. Mwanamke aliyekuwa pale alikuwa na ngozi nyororo ya rangi ya majivu na shavu lisilo na kitu. Nikaweka pembeni yake negativu moja, nikaweka ya pili, nikaweka ya tano. Katika picha zote alizopigwa na mumewe alikuwa mtu yule yule, anazeeka taratibu, na alama yake kubwa kama punje ya maharage. Katika ya mwisho, niliyoipiga mimi, hakuwepo.

Nililia, sifichi. Yeye alipanga maboksi mpaka nilipomaliza. Nilimuuliza kwa nini miaka yote hii hakusema. Alisema ningesemaje, ulikuwa na wiki moja kazini, na mama mwenyewe alicheka. Kisha, kama anayeeleza habari ya mtu mwingine, aliniambia kwamba binti yake aliiomba picha ya mwisho ya mama yake tangu wiki ile ya msiba. Kila Jumapili akikumbushwa amekuwa akijibu neno lake lile lile, subiri. Asingeweza kumpelekea mtoto picha ya mgeni na kumwambia huyu ni mama yako.

Nilitaka kuirekebisha pale pale. Ni rahisi, unanakili alama kutoka picha ya zamani unaibandika kwenye mpya, dakika tano. Alikataa. Alisema alama ikiwekwa juu ya ngozi ile itaonekana uchafu. Kwanza ngozi irudi, kisha tutaona. Na alikuwa amebakiza miezi kumi ya kazi.

Kuanzia siku ile hakula tena stoo. Alikula kwenye meza yangu, juu ya karatasi za zamani ili asichafue, na kila mchana tulipomaliza tuliifungua picha ya mama. Mtindo wetu, ambao wateja wanaufahamu kwa jina la Jumatatu, ulikuwa umeshakamilika na unatumika. Juu ya nyuso zote ulikaa vizuri, juu ya uso wa mama ulikataa, kwa sababu kile kitufe changu cha kulainisha kilikuwa kimefagia kila kitu ambacho rangi hushikilia. Tulishusha, tukapandisha. Tuliharibu nakala mia mbili na zaidi. Kuna siku alisema basi, akanawa mikono, akaenda kukata pasipoti zake, na kesho yake mchana akavuta kiti tena.

Mwezi wa nne mwaka huu aliniambia niongeze chenga. Nilidhani nimesikia vibaya. Ongeza, alisema. Nikaongeza. Ongeza. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyekuwa anazifukuza. Alisema alizifukuza kwa sababu ngozi ilikuwepo. Hapa haipo, jicho linateleza, lipe mahali pa kushika. Basi tukawa tunatia chenga siku baada ya siku, kubwa, ndogo, za mkanda huu na za mkanda ule. Jumanne moja, wiki tatu zilizopita, uso ukatulia. Ule umajivu ulikuwa umezama chini, na mama alikuwa anatutazama kama mtu anayetaka kutania. Mzee alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hapo," alisema. "Hapo ndipo anapokaa."

Nikauliza sasa ninakili alama. Akasema hapana, chapa. Niliichapa kwenye karatasi isiyong'aa. Akaichukua kwa pembe, akaipeleka stoo, akaitundika kwenye kamba yake ya zamani, na ikakaa huko mpaka Jumatatu.

Jumatatu saa mbili aliitoa stuli kama kawaida na kuiweka chini ya dirisha la kaskazini. Safari hii alikaa. Katika miaka yangu tisa sijawahi kumwona amekaa pale. Aliiweka picha mapajani juu ya ubao, akashikilia negativu moja ya zamani mkono wa kushoto kuelekea dirishani, akatoa brashi mfukoni, akafungua kichupa cha wino. Aliigusa karatasi, akangoja. Akaigusa tena. Brashi iliyoziba madoa ya watu wote wa mji huu ilikuwa inaweka doa. Tulisimama sote pale, Meneja, dada wa mapokezi, dada wa usafi na fagio lake. Kamera ilikuwa mezani kwangu, hatua mbili tu. Sikuigusa, na ndiyo maana fremu ya ukurasa wa mbele iko tupu.

Alipomaliza aliiinua kwenye mwanga. Alikuwa ni yeye, mama mwenyewe, Jumatatu yake ya mwisho. Mzee alisema tusubiri ikauke, na tukasubiri.

Ilipelekwa kwa binti kwa basi siku ile ile, ndani ya bahasha ngumu. Binti hupiga simu Jumapili. Safari hii simu ililia Jumatano saa nne asubuhi, watu wamejaa mapokezi. Mzee aliitazama, akaingia nayo stoo, akafunga mlango. Alikaa humo mpaka mchana, na hakuna aliyebisha.

Alisoma wasifu huu kabla haujaenda kwa mchapaji. Nilikuwa na hofu kwamba ataukataa, maana ni mambo ya nyumbani kwake na nimeyaweka mbele za watu. Alifuta sentensi moja kwa kalamu ya risasi, ile niliyoandika kwamba alilia, akasema hiyo hukuona. Yaliyobaki, alisema, yaache.

Kwa niaba ya Meneja na wafanyakazi wote tunakushukuru, Mzee wetu, kwa miaka thelathini na nane ya mikono safi na macho makali. Tunakushukuru kwa mtindo wa Jumatatu, unaowafanya watoto wa mji huu watoke kwenye picha na ngozi waliyozaliwa nayo, ingawa hawajui ni ngozi ya nani iliyoufundisha. Tunakuomba radhi kwa miaka minane ya kupita mezani kwako mbio mbio. Tunakuombea afya, macho yasichoke, na Jumapili nyingi zinazoangukia katikati ya wiki.

Tunajua unarudi kwenye nyumba yenye ukimya, na safari hii hatutajifanya hatujui. Kanuni yangu ya nne nimeshaibandua ukutani. Jumatatu ijayo, saa mbili asubuhi, stuli itakuwa chini ya dirisha la kaskazini, na mimi nitakuwa nyuma ya kamera. Njoo ukae. Sitafuta kitu. Na kama Jumatatu hiyo itakuwia nzito, njoo ile nyingine, au ile inayofuata. Kusubiri ulitufundisha mwenyewe.